Kumwuguza Nyumbani Mama Aliyekatwa Titi



Katika kuzunguka nyumba za Wakristo hapa Gungu nimeona ya kuwa mama aliyepasuliwa titi kwa ajili ya saratani huagizwa mambo mengi hospitalini, lakini afikapo nyumbani huwakuta watu wasioyasikia maagizo yale; nao ndio wauguzi wake sasa. Mama yangu mdogo alipopasuliwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, aliletwa kwangu apate kupona. Basi nayaandika niliyofundishwa na waganga na niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza, mrija. Mara nyingi mgonjwa hurudi na mrija mwembamba ubavuni, na kichupa cha kupokea maji ya kidonda. Msiogope. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa na baada yake. Mwaga maji kama ulivyoonyeshwa, upime kiasi chake, ukiandike katika daftari pamoja na tarehe, maana mganga huitazama hesabu ile ndipo aamue kuutoa. Kwangu kazi hii aliifanya binti yangu, wala hakukosa hata siku moja.

Pili, kidonda. Kiwe safi na kikavu. Msitie majani, wala majivu, wala mawese, hata kama jirani asema kwao kulipona hivyo. Mkiona homa ya digrii 38 au zaidi, wekundu unaoenea, usaha, harufu mbaya, damu nyingi, uvimbe wa maji chini ya ngozi, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mpelekeni Hospitali ya Maweni siku ile ile. Tena akihema kwa shida, au mguu mmoja ukivimba, msingoje hata kupambazuke. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Tatu, mkono. Hapa wengi hukosa kwa sababu ya upendo. Humkataza mgonjwa asiusogeze mkono kabisa, na bega hukakamaa, hata asiweze kuvaa gauni peke yake. Tangu siku za kwanza, kama mganga amemruhusu, na afumbe na kufumbua kiganja, akunje kiwiko, achane nywele zake polepole. Baadaye, mrija umekwisha kutolewa na mganga amekubali, na asimame mbele ya ukuta, avipandishe vidole juu kidogo kidogo, akome penye maumivu makali. Mama yangu mdogo alitia alama ya mkaa ukutani kila alipofika. Ukuta wangu ulichafuka sana, nasi tulifurahi kila alama mpya ilipopita ya jana.

Lakini kusogeza mkono si kubeba mizigo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20; asiibebe, wala kuni, wala jembe, wala mtoto, kwa majuma 4 hadi 6, mpaka mganga aseme. Wanaume na vijana, kisima hakichagui mtekaji.

Tena, ikiwa tezi za kwapani zilitolewa, mkono ule waweza kuvimba, hata miaka ikiisha kupita. Pete ikibana, au mkono ukiwa mzito, arudi kwa waganga. Ngozi ya upande wa ndani wa mkono huweza kufa ganzi, asisikie moto. Basi ajihadhari jikoni. Akichomwa na mwiba wa samaki au kujikata kwa kisu, aoshe mara moja kwa maji na sabuni.

Nne, chakula na mapumziko. Ugali, maharage, dagaa na migebuka ya ziwa letu, mboga na matunda, vyote vyamfaa. Wageni waje, lakini wasikae mpaka mgonjwa achoke. Mwenye kuleta chungu cha mchuzi, akafua nguo, kisha akaenda zake, huyo amemzuru kweli.

Tano, moyo. Saratani haiambukizi kwa kikombe, wala kwa kitanda. Mume asihamie chumba kingine kwa hofu, wala asiseme neno la kumdhihaki. Yule aliyeahidiwa kupendwa katika ugonjwa ndiye huyu. Mama akilia ajionapo katika kioo, msimkemee. Na akipenda, ashonewe titi la kitambaa laini na pamba, alitie ndani ya sidiria kidonda kikiisha kupona.

La mwisho ndilo kubwa. Kidonda kikifunga, wengine husema, "Nimepona," wasirudi tena. Lakini kupasuliwa mara nyingi ni sehemu moja tu ya matibabu. Wapo waandikiwao dawa za mshipani. Wapo wahitajio mionzi, ipatikanayo Bugando na Ocean Road, Dar es Salaam. Na wapo wapewao vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Asiache hata kimoja pasipo shauri la mganga. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na nauli huwashinda wengi. Hapo ndipo jumuiya ichange. Yule aliyepooza katika Injili hakufika mbele ya Bwana kwa miguu yake. Walikuwako wanne waliomchukua.

Walimu, wasomeeni haya wasiojua kusoma. Na wewe mama uliyeona kivimbe titini ukanyamaza, nenda Maweni juma hili hili.