Barua kutoka Lushoto

Dada,

Nimefika salama. Basi la Mbezi lilipita Chalinze, Segera tukaiacha njia ya Tanga, na Mombo nikahamia Kosta ya kupanda mlima. Kona za Soni unazijua mwenyewe; mama niliyekaa naye alikuwa akifumba macho kila tulipopishana na lori la kabichi. Baridi ya Julai huku haina mzaha, nalala na soksi.

Sasa lile uliloniagiza. Baba Mkubwa kwenye laptopu yake alikuwa bado na mfumo wa Ubuntu 20.04, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma Mei 2025. Akajaribu kuhamia toleo jipya, umeme ukakatika katikati, na betri ya laptopu ilishakufa zamani. Tangu hapo skrini nyeusi. Fundi mmoja alimwambia dawa ni kupiga Windows na kufuta kila kitu. Mzee akakataa katakata: mle mna picha za harusi yako na methali za Kisambaa anazokusanya tangu astaafu.

Niliiwasha kwa flashi ya GB 8 niliyoiandaa Dar, maana faili la Ubuntu 24.04 lina kama GB 6 na bando lingeisha njiani. Ubuntu hukubali kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nikachungulia: faili zote zipo. Nikanakili folda yake nzima kwenye diski ya nje, pamoja na folda na faili zilizofichwa, zile zinazoanza na nukta, kwa kuwa humo ndimo zinamokaa barua pepe za Thunderbird. Kisha nikafungua picha kadhaa kutoka kwenye nakala yenyewe.

Aliyemwekea mwanzo alikuwa na akili: aliitengea /home, panapokaa folda za watumiaji, sehemu yake ya diski. Kwa hiyo nilichagua kugawa diski mwenyewe. Sehemu ya mfumo ikafomatiwa na kuwa /. Ile nyingine nikaiita /home, nikahakikisha haikuwekewa alama ya kufomatiwa. Jina la mtumiaji likabaki lilelile, herufi kwa herufi, ili mfumo mpya uikute folda yake. Ni kama umeezua paa, sanduku la mvunguni hukuligusa.

Programu alizojiongezea zimeondoka, na printa imebidi itambulishwe upya, kwa sababu mipangilio yake hukaa upande wa mfumo. Methali ziko zote, ameshaanza kunisomea.

Ila usidhani /home ikitengwa nakala haina kazi. Diski ikifa, hufa na sehemu zake zote.

Laptopu yako je? Fungua terminali uandike df -h /home. Mstari ukiishia na /home, imetengwa. Ukiishia na / peke yake, nunua diski ya nje mapema. Kwa vyovyote, nikirudi tutanakili kwanza kabla ya kugusa mfumo. Na uniambie nikubebee karoti au kabichi.

Mama Mkubwa anakusalimu.

Mdogo wako