Mmisionari ameagwa kanisani, watoto wake wamebaki na nani?

Jumapili ya mavuno, uwanja wa kanisa Kiomboi hugeuka soko baada ya ibada. Madebe ya alizeti na mtama, viazi vitamu, maboga, mayai kwenye ndoo ya pumba, mbuzi aliyefungwa kwenye mti, na kuku, ambao kwa mkoa wa Singida hawahitaji kusifiwa. Mzee wa kanisa ananyanyua jogoo, anataja bei ya kuanzia, mnada unawaka. Mtu anamnunua kwa shilingi 30,000, anashangiliwa, kisha anamrudisha auzwe tena. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa mara nne na bado asitoke uwanjani.

Kwa njia hiyo, pamoja na bahasha za ahadi za kila mwezi, usharika mmoja wa hapa uliamua kumtunza mwinjilisti wake aliyekwenda kutumika Malawi pamoja na mkewe, ambaye ni muuguzi. Siku ya kuwaaga, kwaya iliimba, kina mama wakamvisha mama kitenge, wazee wakawawekea mikono. Watoto wao wawili, msichana wa darasa la saba na mvulana wa darasa la nne, walisimama mbele pamoja na wazazi. Wakapigiwa makofi. Jioni wakarudi nyumbani na bibi yao, mzaa baba, na kesho yake alfajiri wazazi wakapanda basi.

Uamuzi wa kuwaacha haukuwa wa kipumbavu. Msichana alikuwa na mtihani wa taifa mbele yake, na amesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Kumhamishia shule inayofundisha kwa Kichewa na Kiingereza mwaka huo huo kungekuwa kumrudisha nyuma. Mdogo wake akaachwa ili wasitenganishwe. Wazazi wengi wangeamua vivyo hivyo.

Tatizo lilikuwa kwenye karatasi ya bajeti. Kulikuwa na fungu la nauli, pango, chakula, pikipiki ya kuzungukia vijiji, na hata la kununua Biblia. La watoto halikuwepo. Hakuna aliyelikataa, hakuna tu aliyelifikiria, kwa sababu bibi yupo. Katika familia zetu maneno hayo mawili, "bibi yupo", yamebeba mizigo mingi bila kupimwa.

Bibi mwenyewe ana miaka 67, shinikizo la damu, shamba la alizeti, na simu ya kitochi. Miezi miwili ya kwanza watu walipita na sukari, sabuni, kibaba cha unga. Mwezi wa tatu wakapungua, si kwa ubaya, ila msimu wa kulima ulikuwa umefika. Shule ilipoita kikao cha wazazi, bibi alikwenda, akakaa nyuma, akasikia nusu ya yaliyosemwa. Wiki iliyofuata msichana akarudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa masomo ya ziada ambao bibi hakujua kama ulitajwa.

Mvulana alionekana hana shida kabisa. Shule ya Jumapili alisifiwa mbele ya wenzake kuwa ana bahati, mtoto wa watumishi wa Mungu, na aliombwa aombe sala ya kufunga. Aliomba vizuri. Usiku alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka minne, na alikuwa akiamka mapema kuanika shuka nyuma ya zizi ili dada yake asione. Mtoto akiambiwa kila wiki mbele ya watu kwamba ana bahati, atampata wapi mtu wa kumwambia kwamba analia?

Msichana yeye aliacha kupokea simu. Wazazi walipopiga, alimwambia baba yake mdogo, "Waambie nimelala." Nyumbani wakaona ni kiburi cha umri. Huko Malawi mama yake alidhani mwanawe amemchukia, akakaa na wazo hilo wiki nyingi bila kumwambia mtu, maana mke wa mwinjilisti aliyeagwa kwa vigelegele atamweleza nani jambo kama hilo?

Kiomboi ina kumbukumbu ndefu ya habari hii, ingawa zamani watoto walioachwa walikuwa wa wageni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuwaondoa wamisionari wa Kijerumani, kazi ya Kilutheri katika Iramba ilichukuliwa katika miaka ya 1920 na Sinodi ya Augustana ya Marekani, kanisa lililoanzishwa mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Sweden. Wengi wao walikuwa wakulima. Wanawake wao waliunda chama chao cha misheni mwaka 1892, wakiongozwa na Emmy Evald, na fedha zao zilitoka kwenye mikusanyo midogo midogo ya sharika, kama hii ya jogoo na alizeti. Huku Iramba, ndani ya miongo michache, kukawa na hospitali za misheni Kiomboi na Iambi.

Kanisa lile liliwafikiria watoto, kwa namna yake. Katika miaka ya 1950 Kiomboi palikuwa na shule ya bweni iliyoitwa Augustana, ya watoto wa wamisionari waliotawanyika Tanganyika. Kule Kijabe, Kenya, shule ya namna hiyo ilikuwepo tangu mwaka 1906. Watoto wadogo kabisa, wa umri wa kuanza shule, waliletwa na masanduku yao, wakakaa miezi mbali na baba na mama. Waliolelewa katika shule za namna hiyo hawakubaliani hadi leo. Wapo wanaozikumbuka kwa furaha, marafiki kama ndugu wa tumbo moja, michezo porini. Wapo pia waliokuja kuandika wakiwa watu wazima kuhusu usiku wa kwanza bwenini, na kuhusu kunyamaza, kwa kuwa walielewa kwamba kulia ni kuiangusha kazi ya Mungu.

Na kuna wale ambao bahari ilikuwa katikati. Mwaka 1941 meli ya Misri iliyoitwa Zamzam iliondoka Marekani kuelekea Afrika ikiwa na abiria wapatao 200, zaidi ya 100 wakiwa wamisionari wa madhehebu mbalimbali. Tarehe 17 Aprili, katika Atlantiki ya kusini, ilipigwa mizinga na meli ya kivita ya Ujerumani, Atlantis. Ndani yake alikuwemo Lillian Danielson na watoto wake sita. Alikuwa akimfuata mumewe, Mchungaji Elmer Danielson, aliyekuwa tayari Tanganyika. Mama mmoja, watoto sita, meli inazama. Waliokolewa wote, na waliowaokoa ni Wajerumani wale wale waliowapiga. Badala ya kufika kwa baba, watoto wakapelekwa Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Ujerumani, kisha wakarudi Marekani kupitia Ureno. Binti mmojawapo, Eleanor, aliyaandika hayo katika kitabu miaka mingi baadaye.

Katika meli hiyo hiyo alikuwemo Ralph Hult, mmoja wa waanzilishi wa misheni ya Augustana huku, aliyekuwa amewaacha mke na watoto Marekani. Yeye naye alirudishwa kwao, akajaribu tena, akafika Tanganyika, na mwaka 1943 akafia hapa. Wanawe hawakumwona tena.

Haya hayasimuliwi ili kuwatisha wanaotumwa. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, na tangu hapo kanisa lililokuwa likipokea limekuwa pia likituma wachungaji na wainjilisti nje ya mipaka, Malawi ikiwa mojawapo. Lakini ukisoma habari za wale wa zamani unaona kitu kimoja: hata kama bweni lilikuwa jibu lenye maumivu, mtoto alikuwa na fungu lake katika hesabu za kanisa. Kulikuwa na mwalimu aliyelipwa, mlezi aliyejulikana kwa jina, kitanda. Mtoto wa mwinjilisti wetu ana bibi na makofi.

Aliyelisema jambo hili kikaoni alikuwa mwalimu mstaafu wa Umoja wa Wanawake, aliyewahi kuona shuka likianikwa nyuma ya zizi na kulitambua kwa uzoefu. Aliuliza fungu la watoto liko wapi. Mtunza hazina akajibu, kwa upole, kwamba sadaka zilichangwa kwa ajili ya mmisionari.

Mzee mmoja akasimama. Baba yake, alisema, alikwenda manamba, kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akakaa miaka. Yeye na ndugu zake walilelewa na bibi, wakakua, wakaoa. Kwa nini watoto wa siku hizi wafanywe wagonjwa? Wengi walitikisa vichwa kukubali, na ni hoja ya haki. Maelfu ya Watanzania wamelelewa na bibi zao, na wamelelewa vizuri.

"Shikamoo mzee," mwalimu alisema, na mzee akaitikia. "Baba yako alikwenda kutafuta fedha ya kodi. Hakuna usharika uliomsimamisha mbele ukamwambia nenda, nyumba yako tutaitunza sisi. Huyu tulimwambia."

Kikao kilikuwa kirefu, na hakikumaliza kila kitu. Waliyokubaliana yalikuwa madogo: kiasi maalumu kila mwezi kwa bibi, kinachotumwa kwa simu tarehe ile ile bila yeye kuomba, bima ya afya ya kaya, watu wawili, mke na mume, walioandikwa kwa barua kwa mwalimu mkuu kuwa ndio wa kuitwa kwenye vikao. Na walimu wa shule ya Jumapili waliombwa waache kumsifia mvulana mbele ya wenzake. Hilo la mwisho lilichukua muda mrefu kueleweka kuliko la fedha.

Jambo la simu lilipochunguzwa likaonekana la ajabu kidogo. Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Wazazi walikuwa wakipiga wakimaliza ibada ya jioni, saa mbili usiku kwao, saa tatu Kiomboi. Mwenye simu janja na bando ni baba mdogo, anayeendesha bodaboda na kurudi muda huo huo amechoka. Msichana aliposema amelala, mara nyingi alikuwa kweli ameshalala, akaamshwa, na swali la kwanza alilokutana nalo likawa, "Unaomba kila siku?" Siku hizi simu ni Jumamosi alasiri. Mwalimu alimwandikia mama ujumbe mmoja tu: muulize kuhusu nywele zake, hesabu, na yule mbuzi aliyezaa pacha. Jumamosi ya kwanza msichana aliongea dakika nne. Ya tatu, bando liliisha.

Wazazi wanaojiandaa kusafiri kwa kazi yoyote, iwe ya kanisa, ya jeshi au ya biashara Oman, wangefanya vizuri kuketi na mtoto kabla ya kuketi na kamati. Aambiwe ni miezi mingapi, kwa tarehe anayoweza kuihesabu kwenye kalenda. Aambiwe nani ataitwa akiugua. Na apewe ruhusa, kwa maneno, ya kusema kwamba hataki waende, hata kama wataenda.

Usharika umeahidi nauli ya mama kuja wiki ya mtihani: Kasumulu, Mbeya, Dodoma, Singida, hadi njia panda ya Misigiri. Nusu imepatikana. Desemba watoto nao wanatarajiwa kwenda kuwaona wazazi, na kwa hilo wanahitaji hati za kusafiria, na hati zinahitaji vyeti vya kuzaliwa. Cha msichana kipo. Cha mvulana hakikuwahi kuchukuliwa. Yule mzee wa habari za mkonge amejitolea kwenda na bibi ofisi ya mkuu wa wilaya Jumatatu, saa moja asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.