Aliyetukataza Kununua



Mwezi wa Agosti, watoto walipofunga shule, wifi yangu alivuka kutoka Mombasa na wanawe watatu kuja kututembelea hapa Ukunda. Wenye kupokea wageni wa umri ule wanajua mambo yalivyo. Siku ya kwanza hushangilia bahari. Siku ya pili huanza kuuliza watakula nini. Siku ya tatu chakula cha nyumbani hakitazamwi tena. Hoteli kubwa za Diani tunazipita kila siku tukienda na shughuli zetu, lakini chakula cha mtu mmoja mle ndani ni matumizi ya jiko langu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo watoto walipoomba twende kwenye gari la chakula linaloegeshwa karibu na njia ya kuteremkia pwani, sikuwa na hoja ya kuwakatalia.

Aliyekuwa na hoja ni mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye. Yeye amelelewa Mji wa Kale, na kwake chakula kina pahali pake. “Zamani zetu,” alisema, “mwanamke hakuonekana akitafuna njiani.” Nikamkumbusha kwa adabu ile mihogo ya pilipili na ndimu aliyokuwa akiila pale Mama Ngina, miguu ikining’inia upande wa bahari. Akanijibu bila kusita kwamba ile haikuwa njia, ile ilikuwa pwani. Kisha akauchukua mkeka wake wa ukindu, akaukunja, akasema kama ni lazima tule nje basi tutakula tumeketi kama watu.

Tuliswali Alasiri, tukatoka. Tulifika saa kumi na moja jioni, upepo wa kusi ukivuma, mawimbi yakisikika nyuma ya kuta za hoteli. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya samawati, ubavu mmoja umekatwa na kufanywa dirisha. Ndani mlikuwa na mtungi wa gesi, jokofu, meza ya bati na karai kubwa ya mafuta. Nje kulikuwa na jiko la makaa la kuchomea mishkaki. Foleni ilikuwa na watu wa kila namna: wafanyakazi wa hoteli waliomaliza zamu, wageni wa Kizungu wenye mchanga miguuni, vijana wa bodaboda, na akina mama kama sisi wenye watoto. Juu ya mti tumbili wawili walikaa kimya wakingojea mtoto atakayeachilia kiazi.

Harufu ya ukwaju na nyama ya makaa ilinishinda. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu pesa mkononi, na kijana muuzaji amekwisha kutusalimu, ndipo binti yangu wa miaka kumi na mmoja alipoinua uso na kuuliza kwa sauti ya darasani: “Kaka, kuku huyu na soseji hizi zimetoka wapi, na ni nani aliyechinja?”

Nilimfinya mkono. Naungama hilo. Nilimfinya kwa sababu watu waligeuka, na kwa sababu niliona kama tumemtuhumu Muislamu mwenzetu aliyetutolea salamu kamili, kofia kichwani. Nilifungua kinywa niombe radhi, lakini kijana aliwahi kupunguza moto.

“Swali lake ni zuri, mama,” akasema. “Nyama ya mishkaki na kuku nanunua kwa mchinjaji wetu hapa sokoni, namjua na huenda mwenyewe alfajiri. Lakini soseji za wiki hii si zile za siku zote. Duka lilikuwa halina, nikachukua nyingine, na pakiti yake haina alama ya halali. Mimi mwenyewe sizili. Nimekuwa nikiwauzia wasiojali.” Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: “Na nimezikaanga katika karai hii hii ya viazi. Kwa hivyo hata viazi na kuku wa kukaanga sikushauri. Chukueni mishkaki, ile iko mbali, juu ya makaa.”

Maneno hayo yalisikika hadi mwisho wa foleni. Akina mama wawili waliokuwa nyuma yetu walitazamana, wakawashika watoto wao mikono, wakaondoka. Mwanamume mmoja alinung’unika kwamba alikuwa amekula pale juzi. Kijana alisikia yote. Bakuli la viazi vilivyokwisha kupakwa unga wa dengu na manjano lilikuwa mbele yake, limejaa, na jua lilikuwa bado halijatua. Sikuhitaji kuambiwa hasara yake. Na mimi ni mpishi wa kuuza.

Nilidhani mavyaa ataukunja mkeka wake. Badala yake aliutandika chini ya mkungu, akaagiza mishkaki ya watu wote, na maji ya ukwaju juu yake. Nilipomwangalia kwa mshangao, alinambia kwa sauti ya chini: “Aliyekwambia usinunue, huyo ndiye wa kununua kwake.”

Tulikula. Watoto walikumbushwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kila mmoja kula kilicho mbele yake, kama Mtume (S.A.W.) alivyomfunza Umar bin Abi Salamah alipokuwa kijana mdogo. Nyama ilikuwa laini, chatini kali. Lakini kila tonge nililotia kinywani lilikuwa zito kuliko lililotangulia, na sababu nitaieleza.

Ramadhani iliyopita jirani yangu aliniagiza sambusa sitini za futari. Siku ile kima cha asubuhi kilinipungukia. Ndani ya jokofu nilikuwa na kima kingine cha siku mbili nyuma, na baina ya siku hizo umeme ulikuwa umekatika kwa saa nyingi. Nilikinusa, nikajiambia hakina neno. Nilikichanganya na kile kipya, nikazidisha bizari na ndimu, nikafunga sambusa zangu, nikapeleka, nikapokea pesa. Hakuna aliyeugua, alhamdulillahi. Na kwa kuwa hakuna aliyeugua, nilijiridhisha kwamba hakuna lililotendeka.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akaeleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Hadithi hiyo nimeisikia tangu chuoni. Nimewasomea watoto wangu. Wala sikuwahi kufikiri kwamba bizari na ndimu ni nafaka kavu ya juu. Kijana wa gari la samawati alikuwa ameiweka iliyorowa juu, mbele ya foleni nzima, ilhali mimi ningali nimeifunika.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa jirani na pesa zake zote. Nilimweleza kisa kizima, nikiwa nimesimama mlangoni. Ningependa kuwaambia kwamba alinikumbatia, lakini hakufanya hivyo. Alizipokea pesa, akazihesabu, akasema, “Mungu atusamehe sote,” akarudi ndani. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri, lakini hajaniagiza tena kitu. Simlaumu. Nimepoteza mnunuzi, nami sasa nikifungua jokofu silikwepi.

Kwa dada zangu mnaopenda kuwatoa watoto jioni, siwakatazi magari haya ya chakula. Yana baraka zake: chakula chapikwa ukikiona, bei zake twaziweza, na pesa zinabaki kwa vijana wetu wenyewe. Lakini tuulize, tena kwa upole. Tuulize nyama imetoka kwa nani, na kama karai ni moja kwa vyakula vyote. Tuangalie maji ya kunawia na ya kuoshea vyombo, na cheti cha afya ambacho kila mwenye kupika chakula cha kuuza hapa nchini anatakiwa awe nacho. Salamu na kofia ni dalili njema, lakini hazichinji kuku. Vilevile tusiwaachie watunza pwani sahani zetu za karatasi. Na mtoto akiuliza, tusimfinye.

Binti yangu nilimwomba radhi usiku ule ule. Aliniuliza kwa nini nilimfinya, nikamwambia kweli: kwa sababu niliwaonea haya watu. Akafikiri kidogo, akasema, “Lakini mama, yeye hakuona haya.”

Wiki mbili baadaye tulipita tena pale. Soseji zilikuwa zimerudi zile za zamani, zenye alama, na bei imepanda kidogo. Mfanyakazi mmoja wa hoteli alikuwa akiilalamikia. Karai zilikuwa mbili sasa. Juu ya moja kijana amebandika kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono: “Hii ni ya viazi peke yake.” Foleni ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Mavyaa aliukunjua mkeka wake bila kuuliza mtu, akaagiza viazi.

Mwenyezi Mungu amzidishie kijana yule riziki ya halali, atusitiri aibu zetu na atupe ujasiri wa kuzitengeneza. Amin.