Shangazi Hana Kesi

Kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Kamina alianza kukonda na kutokwa jasho usiku, kisha tumbo likavimba upande wa kushoto. Wote tulisema malaria, maana wengu kuvimba si jambo geni kwetu. Dawa zilipogoma, watu wakaacha kuuliza anaumwa nini, wakauliza nani amemroga. Jibu halikukawia: shangazi yake, mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Kijana alipopimwa damu Lubumbashi, chembe nyeupe zilikutwa zimezidi mno. Kansa ya damu. Lakini shangazi alikuwa ameshafukuzwa.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na tangu hapo somo la kiini cha seli silipitishi harakaharaka.

Ndani ya kiini hicho binadamu ana kromosomu 46. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia waliona kwamba wagonjwa wa aina moja ya kansa ya damu, ile iendayo polepole, wana kromosomu moja fupi isivyo kawaida. Kipande kilikwenda wapi? Aliyejibu ni Janet Rowley, daktari wa Chicago na mama wa wavulana wanne. Alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani, wanawe wakimtania kwamba anachezea wanasesere wa karatasi. Mwaka 1973 alitangaza kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Pale vilipoungana huzaliwa protini inayoiamuru seli igawanyike bila kupumzika, kama bomba lililovunjika koki. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, kidonge cha kuizima protini hiyo, na watu waliokuwa wakihesabiwa miaka michache wakaanza kuzeeka.

Hitilafu hiyo hairithiwi wala haiambukizi, na kwa wagonjwa walio wengi hakuna wa kunyooshewa kidole. Hapo ndipo tunaposhindwa. Msiba usio na mwenyewe hatuuwezi. Afadhali mchawi, kwa kuwa mchawi hufukuzwa, na watu wakalala usingizi. Nimeketi katika vikao vya namna hiyo, nikaona hata wenye diploma wakiitikia kwa kichwa.

Ipo, hata hivyo, kansa ya damu iliyokuwa na wenyewe, nayo ilipita mlangoni petu. Mionzi mikali hukata kromosomu. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilikuwa na ubora wa ajabu. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière alipeleka New York shehena ya zaidi ya tani 1,000. Nyingine zilizofuata wakati wa vita zilipakiwa kwenye treni hadi Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, zikashuka kwa mto hadi Léopoldville, kisha kwa treni hadi Matadi. Reli hiyo, iliyokamilika mwaka 1928, inapita Kamina. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu ambalo urani yake kwa sehemu kubwa ilitoka Kongo liliangushwa Hiroshima. Baada ya miaka michache kansa ya damu iliongezeka kwa walionusurika, hasa waliokuwa watoto. Mmoja wao, msichana Sadako Sasaki, alikuwa na miaka 2 siku ile. Ugonjwa huo ulimuua mwaka 1955.

Wafanyakazi walioyabeba mawe yale hawakuambiwa ni ya nini. Walioamua, waliouza na waliotengeneza bomu wanajulikana, na majina yao yamo vitabuni. Sijawahi kusikia kikao cha familia kikiwataja. Hasira zetu hazipandi treni kuwafuata wakubwa. Huishia nyumba ya tatu, kwa mwanamke asiye na mtetezi. Huo ni woga, na ningependa tuuite hivyo badala ya kuuita mila.

Basi nawe msomaji, ukiwa na mgonjwa anayekonda, wengu umevimba na dawa za malaria hazimsaidii, omba apimwe hesabu ya chembe za damu, hata kama ni safari ya kwenda Lubumbashi. Na wakikuita kwenye kikao cha kumtaja mtu kabla majibu hayajatoka, nenda, ukae, ukatae mbele ya wote.