Sauti ya Wino

Mwalimu wangu alinifundisha kuusikiliza wino kabla ya kuutazama. Aliumimina kidogo juu ya kioo cha dirisha, akauviringisha kwa rola mbele na nyuma, kisha akaniambia nitege sikio. Ukiwa mwingi mno, rola inanata na kulialia. Ukiwa haba, kimya. Uliokaa sawa una mlio mwembamba, kama vitunguu vinavyoanza kuchemka kwenye mafuta.

Nilikuwa na miaka 19. Kibao changu cha kwanza cha kuchapia kilikuwa kipande cha linoliamu, ile ya kutandika sakafuni, tulichokianika juani kilainike ili patasi isikwame. Nilichonga jahazi, na chini yake neno BAHARI. Siku tatu nzima. Nilipokipaka wino, nikakichapa na kubandua karatasi, jahazi limegeukia kwingine, neno linasomeka kinyumenyume.

"Mwalimu, nimeharibu."

Hakucheka. Alinipa kioo cha kujitazamia, akasema nichonge ninachokiona humo.

Mwaka ule ule alinionyesha kitabu cha chapa za John Muafangejo, aliyezaliwa kusini mwa Angola mwaka 1943, akasomea sanaa Rorke's Drift kule Afrika Kusini, akafariki Windhoek mwaka 1987. Kazi zake nyingi ni nyeusi na nyeupe tu: ng'ombe, maaskofu, mazishi, na maneno yaliyojazana katikati ya watu. Nilikitazama mpaka giza likaingia. Kila herufi humo aliichonga kinyume! Na kila palipo peupe, mkono wake ulipita ukaondoa kitu. Mwenye penseli huuweka mstari. Sisi huupata kwa kuchimba kila kilichouzunguka, na patasi ikishapita, imepita.

Mashine ya kukandamizia hatukuwa nayo. Tulisugua mgongo wa karatasi kwa kijiko cha mti, kuanzia katikati kwenda pembeni, hadi kiganja kikawaka moto. Kisha unainua pembe moja, unachungulia. Pakiwa hafifu, unairudisha taratibu, unasugua tena. Nimeshachapa mamia ya karatasi, na hapo kwenye kuchungulia pumzi bado hunikatika.

Mwalimu hayupo tena. Kibao cha jahazi ninacho, kingo zimeanza kumeguka. Kila nikifungua kopo jipya la wino, nauviringisha kwenye kioo, nasikiliza, na chapa ya kwanza huwa ni ya jahazi hilo.