Subira si Kunyamaza

Mara nyingi tumeketi kando ya vitanda vya wagonjwa wetu, na mara nyingi tumewasikia akina mama wakiambiana: "Nyamaza, subiri." Shuka imelowa tangu alfajiri. Dawa ya maumivu ilikuwa ya saa mbili, na sasa ni saa nne. Binti akitaka kuuliza, wakubwa humzuia, wakichelea mgonjwa wao asije akachukiwa. Sisi tunaohimiza subira msikitini twaona ni wajibu wetu kusema wazi: tumeamrishwa kusubiri juu ya maradhi, wala si juu ya uzembe.

Tupate funzo kutoka Uingereza. Nchi hiyo ilianzisha huduma ya taifa ya afya tarehe 5 Julai 1948, ili mgonjwa atibiwe bila ya kuulizwa pesa kwanza. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi huko, basi habari za wodi zao ni habari za mabinti zetu pia.

Katika mji wa Stafford, wakuu wa hospitali walitaka kuokoa pauni milioni 10 katika mwaka wa fedha wa 2006/07, na nafasi za kazi zipatazo 150 zikapunguzwa. Wagonjwa wakaachwa juu ya shuka chafu, na maji yakawekwa pasipofikiwa na mikono yao. Katika idara ya dharura, makarani wa mapokezi wasiosomea tiba ndio waliokadiria uzito wa shida ya kila aliyeingia.

Wasimamizi hawakukosekana. Palikuwa na bodi, mamlaka za afya na tume za ukaguzi. Lakini macho yao yalikuwa juu ya hesabu za fedha na saa za kungojea, hata mwezi wa Februari 2008 hospitali ikapandishwa daraja! Miezi michache kabla ya hapo, Bi Julie Bailey, mwenye mkahawa mdogo, alikuwa amekesha kando ya kitanda cha mamake, Bella, hadi alipofariki humo Novemba 2007. Aliandika barua katika gazeti la mji, na jamaa za wagonjwa wengine wakamfuata. Walikutana mkahawani kwake, wakabandika ukutani picha za wapenzi wao waliokufa, na hawakutulia mpaka serikali ikaunda tume.

Mwanasheria Robert Francis alitoa ripoti ya tume hiyo tarehe 6 Februari 2013, yenye mapendekezo 290. Mwaka uliofuata, sheria ikazilazimisha hospitali kumwambia mgonjwa ukweli anapodhuriwa. Mwongozo wa wauguzi nao ukaeleza kwamba muuguzi mmoja akihudumia wagonjwa zaidi ya 8 wakati wa mchana, hatari huongezeka. Na dawa ya maumivu ikichelewa zaidi ya dakika 30, hiyo ni ishara ya kumwita msimamizi wa wodi aangalie kama wauguzi wanatosha.

Tuizingatie hesabu hiyo. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake usiku naye amedhulumiwa. Kumkemea hakumletei msaidizi. Malalamiko yetu yamfikie aliyepanga zamu, na aliyeamua kwamba mmoja atatosha. Hapa kwetu, tangu ugatuzi wa 2013, hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti. Basi diwani anayetuomba kura ana haki ya kuulizwa wauguzi ni wangapi.

Na dada zetu mnaolala mikekani chini ya vitanda vya wazazi wenu, ninyi ndio mnaoyaona yasiyofika katika daftari la mkaguzi. Andikeni saa dawa ilipotakiwa na saa ilipotolewa. Muulizeni kwa adabu msimamizi wa zamu. Asipojibu, pelekeni maandishi yenu kwa mkuu wa hospitali, nanyi mbaki na nakala. Mzazi aliyelala pale hana nguvu ya kujisemea, na ulimi wenu ni amana yake. Anayewaambia kwamba kuuliza ni utovu wa subira, mwambieni kwamba sisi hatukufundisha hivyo.