Kuvua trauti juu ya barafu: Baba, binti na ziwa la mlimani

Saa moja asubuhi, mwanzoni mwa Desemba, baba mmoja mzaliwa wa Kigoma alisimama ukingoni mwa Ziwa Georgetown, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Nyuma yake alikuwa binti yake wa miaka tisa, amevaa suruali tatu na kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Mkononi alishika fimbo fupi ya kuvulia aliyonunuliwa juzi yake. Mbele yao maji yote yalikuwa yameganda.

Aliyetangulia kukanyaga barafu alikuwa jirani yao, mzee mstaafu aliyekulia kwenye milima hiyo, ambaye mtoto amezoea kumwita Babu. Alikwenda hatua chache, akaipiga barafu kwa mtaimbo, akatoboa tundu kwa keekee kubwa ya mkono, kisha akatumbukiza rula kupima unene.

"Sentimita saba," alisema. "Leo hapana."

Mtoto alitazama upande wa pili wa ziwa. Watu wawili walikuwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, mishipi yao ikiwa majini.

"Mbona wale wameingia, Baba?"

Swali hilo kila mzazi analijua. Leo linahusu simu, kesho linahusu kuogelea mtoni. Baba alikuwa ameendesha gari zaidi ya saa moja kutoka Aurora, jirani na Denver, kwa sababu wenzake binti yake darasani walishavua juu ya barafu na kuleta picha. Na machoni pake barafu ile ilionekana ngumu kama sakafu ya saruji.

"Wale wana wazazi wao," alijibu. "Wewe mzazi wako ni mimi. Turudi."

Mtoto alilia mpaka Denver.

Maji yanayokanyagika

Georgetown ni mji mdogo uliokua wakati wa uchimbaji wa fedha katika karne ya 19. Uko kiasi cha kilomita 70 magharibi mwa Denver, kando ya barabara kuu ya I-70. Ziwa lake ni dogo, limebanwa kati ya milima miwili mikali, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,600. Upepo hupita hapo kama kwenye mdomo wa chupa. Miteremko yake ni makazi ya kondoo wa porini wenye pembe zilizojikunja, na wenye bahati huwaona wakiwa ndani ya gari.

Wakazi wa Afrika Mashariki huenda wakadhani trauti ni samaki wa Wazungu peke yao. La hasha. Mayai yake yaliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905 na kupandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Leo samaki huyo anapatikana hata katika Ziwa Rutundu, juu ya Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000. Rutundu liko juu kuliko Georgetown, lakini kwa kuwa liko karibu na ikweta halipati miezi mitatu ya baridi mfululizo, na hakuna anayelivuka kwa miguu.

Colorado ni tofauti. Usiku wa Januari joto hushuka chini ya sifuri na kubaki huko. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi joto 4, hivyo maji ya kiasi hicho hutulia chini, na yale yaliyo baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Barafu nayo ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea na kuwa kifuniko. Chini ya kifuniko hicho trauti anaendelea kuishi na kula, ingawa kwa mwendo wa taratibu.

Baba alimweleza binti yake hayo yote jioni ile ya kurudi mikono mitupu. Hayakumtuliza. Ndipo akamsimulia habari ambayo hajawahi kumwambia: babu yake, yule wa Kigoma, alikuwa akivua dagaa usiku katika Ziwa Tanganyika kwa taa za karabai. Kulikuwa na siku alizotazama upepo, akafunga mtumbwi wake na kurudi nyumbani, huku mitumbwi ya wenzake ikiingia. Siku hizo watoto walikula ugali na mboga za majani, na majirani walikula dagaa.

"Mlikasirika?" mtoto aliuliza.

"Sana," alisema baba.

Sentimita 28

Walirudi katikati ya Januari. Safari hii mzee alimpa mtoto daftari na kalamu ya risasi. Kazi yake ilikuwa kuandika unene wa barafu kila walipotoboa.

Idara ya wanyamapori ya Colorado inashauri barafu isipungue sentimita 10 kwa mtu anayetembea kwa miguu. Lakini ziwa moja halina unene mmoja. Mto unapoingia, barafu huwa nyembamba kwa sababu maji hayatulii. Karibu na mawe, jua huyapasha na barafu hulegea. Barafu angavu ndiyo imara. Ile nyeupe kama maziwa, iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni kama nusu tu. Kwa hiyo mzee alitangulia akipiga mtaimbo, baba akafuata kwa umbali, na mtoto akawa wa mwisho, amevaa jaketi la kuokolea juu ya koti lake. Kila mmoja alining'iniza shingoni misumari miwili mifupi yenye vishikio.

Matumizi ya misumari hiyo waliyafanyia mazoezi sebuleni, juu ya zulia. Anayetumbukia anageukia alikotoka, kwa sababu barafu ya upande huo ilishabeba uzito wake. Anachoma misumari kwenye barafu, anapiga miguu kama anayeogelea, anajivuta kwa kifua, kisha anabingirika bila kusimama. Aliye nje hamkimbilii, asije wakazama wote. Anamtupia kamba na kupiga simu ya dharura.

Mtoto aliandika: 24. 26. 28.

Mzee alitoboa matundu manne si mbali na ukingo, kwenye maji yenye kina cha kama mita mbili, kwa kuwa trauti hupenda kuzunguka kwenye kina kifupi asubuhi. Vipande vya barafu vilivyoelea tunduni viliondolewa kwa upawa wenye matundu. Ndoana ilikuwa ndogo kuliko kucha ya mtoto, na chambo chake ni funza mmoja. Mshipi ulishushwa karibu na chini, ukainuliwa kidogo, ukaachwa utulie.

Kwa nusu saa hakikutokea kitu. Kisha ziwa lilinguruma. Ilikuwa sauti nzito iliyotoka mbali na kupita chini ya miguu yao, kama lori linalovuka daraja. Mtoto aliruka na kumshika baba yake mkono. Baba naye, ingawa hakukiri siku ile, alihisi magoti yanalegea.

"Barafu inajinyoosha," mzee alisema bila kuinua macho. "Ikitanuka na kujikaza kwa baridi huwa inalia. Wewe soma daftari lako."

Mtoto alisoma. Ishirini na nane. Akamwachia baba mkono.

Baadaye alilala kifudifudi juu ya kipande cha godoro, akajifunika koti kichwani na kuchungulia tunduni. Bila mwanga wa juu, maji yalionekana ya kijani na safi mpaka chini. Aliona mawe. Aliona funza wake akining'inia. Akamwona trauti akija taratibu, ana mstari wa waridi ubavuni, akasimama mbele ya chambo kana kwamba anafikiri.

"Baba," alinong'ona, "yupo."

Mshipi uligusika kidogo sana. Alivuta. Samaki mwenyewe hakuzidi urefu wa kiganja cha mtu mzima na nusu, lakini kelele zake mtoto ziliwafanya wavuvi wa mbali wageuke.

Huyo ndiye samaki pekee waliyempata. Sheria ya jimbo inaruhusu kwa kawaida trauti wanne kwa siku, na mtoto wa chini ya miaka 16 hahitaji leseni, ila mtu mzima anaihitaji. Hawakusubiri mwingine. Mtoto alipoacha kulalamika juu ya vidole vya miguu na kunyamaza kabisa, mzee alifunga vifaa. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na asiyelalamika tena si lazima awe amepata joto.

Nyumbani trauti alipakwa chumvi na ndimu, akakaangwa, akaliwa kwa ugali na kachumbari. Nyama yake ni laini kuliko ya sato na haina harufu kali. Kila mtu alipata matonge mawili ya kitoweo. Kipande kimoja kilifungwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa Babu.

Mwishoni mwa Machi walikwenda tena. Jua lilikuwa limewaka wiki nzima na ukingoni barafu ilikuwa imebadilika rangi, ya kijivu. Katikati ya ziwa bado alikuwepo mtu mmoja na ndoo yake. Mtoto aliomba mtaimbo. Akiwa amesimama kwenye changarawe, aliunyoosha mbele na kupiga mara moja. Maji yakaruka.

Aliutazama mtaimbo, akamtazama yule mtu wa mbali, kisha akamgeukia baba yake.

"Leo hapana," alisema.

Walikula chipsi ndani ya gari, wakiwatafuta kondoo mlimani.